Jinsi ya kuifungua namba kubwa kwa kalamu na karatasi

Mpwa wangu yuko gredi ya 8, anakaa Majengo na mamake, na jioni moja tumekaa barazani baada ya magharibi kila mtu na kikombe chake cha kahawa akaniuliza, mjomba, hivi mimi nishaishi sekunde ngapi? Nikamwambia siku moja ina sekunde 86,400, simu si hiyo hapo mkononi, piga mwenyewe. Akapiga akapata namba imepita milioni mia nne, akaiangalia weee, halafu akasema, sasa mjomba namba kubwa hivi mtu anaifanyia nini?

Swali hilo nimelipenda sana, maanake watu wengi wakiona namba ya tarakimu tisa wanaiona kama ukuta tu. Na sio ukuta. Namba kubwa ni kama jahazi, ukiona vyaelea vimeundwa, ina mbao zake na misumari yake na wewe unaweza kuibomoa ukaona imeundwa na nini, na ukishajua imeundwa na nini bas kila kitu chake unakijua: ina vigawanyo vingapi, ni kipeo cha pili (yaani namba iliyotoka kwa kuzidisha namba nyingine yenyewe kwa yenyewe, kama 9 ni 3 mara 3) ama sio, ina undugu na nani. Leo ntakuonyesha vile tunafanya, mwanzo mpaka mwisho, na huhitaji kitu zaidi ya daftari na kalkuleta ya simu.

Namba tutakayotumia ni hii: 426,450,024. Nimeichagua makusudi, sio ya kuokota, kwa sababu nataka ifunguke kwa mkono bila kukuchosha. Lakini ni namba ya kweli ya maisha ya huyu kijana, ukiigawanya unapata siku 4,935 na saa 18 na dakika 20 na sekunde 24, yaani miaka 13 na nusu hivi. Kwa hiyo kuna sekunde moja, pengine yuko darasani ama amelala, alikuwa na umri wa sekunde 426,450,024 kamili.

Kabla hatujaanza tuelewane kwa neno moja, namba tasa. Wengine shuleni wanaziita praimu. Ni namba ambayo haigawanyiki kwa kitu chochote ila 1 na yenyewe, mfano 2, 3, 5, 7, 11, 13. Mimi namwambia kijana hivi: chukua kashata 24 uzipange kwenye sinia kwa mistari iliyo sawa, zitakubali, 4 kwa 6, 3 kwa 8, 2 kwa 12. Sasa kula moja zibaki 23. Panga vile unavyotaka, hazikubali kamwe, labda uziweke mstari mmoja mrefu kama foleni ya feri. 23 ni tasa. Na kila namba nzima kuanzia 2 kwenda juu ama ni tasa ama imeundwa kwa kuzidisha namba tasa, na muundo ni mmoja peke yake, hata ukianzia wapi utafika kwa mbao zile zile. Hilo ndilo linalofanya kazi yote hii iwe na maana.

Ukitaka orodha ya namba tasa za kuanzia, tengeneza mwenyewe kwa chekeche la Eratosthenes, mwanachuoni aliyezaliwa Cyrene, leo ni Libya, akafanya kazi Alexandria kule Misri karne ya 3 kabla ya Kristo. Andika 2 mpaka 100. Iache 2, futa zote zinazogawanyika kwa 2, iache 3 futa wenziwe, halafu 5, halafu 7. Ukimaliza 7 unaweza kusimama, kwa sababu inayofuata ni 11 na 11 mara 11 ni 121, ishapita 100. Zitabaki 25. Zibandike ukutani juu ya meza ya kusomea, utazihitaji.

Haya, turudi kwa namba yetu. Anzia mkiani, usianze kichwani. Watu wanaanza kugawanya tu ovyo wakati tarakimu za mwisho zinasema mengi bure. Tarakimu ya mwisho ni 4, kwa hiyo ni shufwa, 2 inaingia. Mbili za mwisho ni 24, hiyo inagawanyika kwa 4, bas namba nzima inagawanyika kwa 4. Tatu za mwisho ni 024, inagawanyika kwa 8, bas namba nzima pia. Nne za mwisho ni 0024, na 24 kwa 16 haiendi, kwa hiyo tunaishia 8. Sababu ni rahisi, 100 inagawanyika kwa 4 na 1,000 inagawanyika kwa 8 kwa hiyo kila kilicho mbele ya hapo hakikusumbui. Nayo 5 haimo kabisa maanake mwisho sio 0 wala 5. Gawanya kwa 8:

426,450,024 ÷ 8 = 53,306,253

Imeisha na 3, witiri, kwa hiyo 2 tumemalizana nayo. Andika pembeni 2³.

Sasa jumlisha tarakimu: 5+3+3+0+6+2+5+3 = 27. Jumla ikigawanyika kwa 3 namba inagawanyika kwa 3, ikigawanyika kwa 9 namba inagawanyika kwa 9. Hapa nataka usimame kidogo kwa sababu kuna mtego ambao nimeona watu wazima wakiuingia. Jumla ni 27, na mpwa wangu akaruka pale pale, mjomba inagawanyika kwa 27! Hapana babu. Hiyo sheria inafanya kazi kwa 3 na 9 peke yake. Ukijua sababu hutakosea tena: 10 ni 9 na 1 zaidi, 100 ni 99 na 1 zaidi, 1,000 ni 999 na 1 zaidi, kwa hiyo kila tarakimu ukiitoa vitisa vyake inabakia yenyewe tu, ndio maana tunazijumlisha. Lakini 10 kwa 27 haibaki 1, inabaki 10, kwa hiyo sheria haipo. Jaribu kwa kalkuleta uone, namba yetu nzima ukiigawanya kwa 27 inabaki 9. Kwa 9 ndio inaenda vizuri:

53,306,253 ÷ 9 = 5,922,917

Jumlisha tena, 5+9+2+2+9+1+7 = 35, kwa 3 haiendi. Tumemalizana na 3, andika 3².

Sasa hapa ndipo panaponifurahisha. 7, 11 na 13 zinasumbua watu, hasa 7. Lakini ukizidisha 7 × 11 × 13 unapata 1,001. Na 1,001 ni 1,000 na moja juu. Kwa hiyo unakata namba yako vipande vya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, halafu unajumlisha na kutoa kwa zamu. Tufanye: 5,922,917 inakatika 917, 922, 5. Piga 917 − 922 + 5 = 0. Sifuri! Ikitoka sifuri maana yake 1,001 nzima inaingia, yaani 7 na 11 na 13 zote tatu kwa mpigo mmoja. Isipotoka sifuri unachukua hicho kidogo kilichobaki unakijaribu kwa 7, kwa 11, kwa 13, na jibu lake ndilo jibu la namba kubwa. Umebadilisha kazi ya tarakimu saba ikawa kazi ya tarakimu tatu. Kijana alivyoona ile sifuri akaifanya tena kwa namba ya mwanzo kabisa, 024 − 450 + 426, ikatoka sifuri tena, akacheka peke yake.

Gawanya moja moja ukitaka kuwa na uhakika: kwa 7 inakuwa 846,131, kwa 11 inakuwa 76,921, kwa 13 inakuwa 5,917. Kutoka milioni mia nne tumebaki na elfu tano. Na usisahau kujaribu tena zile zile, watu wanasahau hapa, huenda 7 iko mara mbili. 5,917 kwa 7 inabaki 2, kwa 11 inabaki 10, kwa 13 inabaki 2. Sawa, kila moja iko mara moja.

Kwa kutafuta baki kwenye kalkuleta ya simu fanya hivi: gawanya, chukua sehemu nzima peke yake uzidishe tena kwa kigawanyo, halafu utoe. 5,917 ÷ 17 inatoka 348 na vipande, 348 × 17 = 5,916, baki 1. Usiangalie vipande vya desimali ukakisia.

Sasa 5,917 ni tasa ama sio? Kuna njia mbili na nakushauri uzijue zote. Ya kwanza ni uvumilivu, unajaribu namba tasa moja baada ya nyingine, lakini huendi mpaka mwisho, unaenda mpaka kipeuo cha pili tu, yaani ile namba ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unarudi kwa namba yako. 77 mara 77 ni 5,929, ishapita, kwa hiyo ukifika 73 bila kupata kitu namba ni tasa. Kwa nini? Kwa sababu namba ikikatika mara mbili, kipande kimoja lazima kiwe kidogo ama sawa na kipeuo, haiwezekani vyote viwili viwe vikubwa. Ukianza 17 inabaki 1, 19 inabaki 8, 23 inabaki 6, 29 inabaki 1 na kuendelea, na utachoka kidogo kabla hujafika.

Njia ya pili ni ya Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, kazi yake ilikuwa sheria mahakamani na hesabu alizifanya kwa mapenzi tu. Yeye aliona kwamba kipeo cha pili ukitoa kipeo cha pili kinakatika chenyewe, a² − b² ni sawa na (a − b) mara (a + b). Kwa hiyo tafuta kipeo cha pili juu kidogo ya namba yako, toa, uone kilichobaki nacho ni kipeo cha pili ama sio.

77² ni 5,929, toa 5,917 inabaki 12. Sio.
78² ni 6,084, inabaki 167. Sio.
79² ni 6,241, inabaki 324. Na 324 ni 18²!

Bas. 79 − 18 = 61 na 79 + 18 = 97. Kwa hiyo 5,917 = 61 × 97, zote mbili zimo kwenye chekeche lako hapo ukutani. Hatua tatu tu, wakati kwa kuvumilia ungejaribu namba tasa kumi na mbili kuanzia 17 mpaka ufike 61. Njia ya Fermat inakwenda kasi vipande viwili vikiwa karibu karibu, vikiwa mbali sana inachelewa, kwa hiyo mimi huipa hatua tano sita nikiona kimya narudi kwa uvumilivu.

Namba yetu imefunguka yote:

426,450,024 = 2³ × 3² × 7 × 11 × 13 × 61 × 97

Kabla ya kuendelea hakikisha, na usihakikishe kwa kurudia hesabu ile ile kwa sababu utarudia na kosa lile lile. Tumia kutoa tisa. Kila namba ibadilishe kwa jumla ya tarakimu zake mpaka ibaki moja. 61 inakuwa 7, 97 inakuwa 16 halafu 7, 7 × 7 = 49 inakuwa 13 halafu 4. Na 5,917 inakuwa 22 halafu 4. Zimekutana. Hii hesabu ina udhaifu mmoja, ukibadilishana tarakimu mbili mahali, ukaandika 5,971 badala ya 5,917, haikuambii chochote maanake jumla ni ile ile. Hapo unatumia 11, toa na jumlisha tarakimu kwa zamu kuanzia kulia: 7 − 1 + 9 − 5 = 10, wakati 5,971 inatoa 1 − 7 + 9 − 5 = −2, yaani 9. Imekamatwa.

Na hii ya 11 sio ya darasani tu. Ukipita Kilindini ama Changamwe angalia kontena lolote kwenye lori, lina herufi nne, tarakimu sita, halafu tarakimu moja ya mwisho imewekwa ndani ya kiboksi chake. Ile ya kiboksini ni ya kuhakikisha. Kila herufi ina thamani yake, kila nafasi inazidishwa kwa 1, 2, 4, 8 hivyo hivyo mpaka 512, zinajumlishwa, zinagawanywa kwa 11, na baki ndiyo inayoandikwa, ikiwa baki ni 10 inaandikwa 0. Karani akikosea tarakimu moja hesabu inakataa karibu kila mara, na ni kwa sababu 11 ni tasa, haina kigawanyo inachoshirikiana na zile za kuzidishia.

Haya, sasa matunda. Ukishakuwa na mbao zote kila swali linajibika kwa dakika.

Namba hii ina vigawanyo vingapi? Fikiria unaingia pale wanapouza vitafunio na unachagua: viazi karai naweza kuchukua hakuna, kimoja, viwili ama vitatu, hiyo ni njia nne. Bajia hakuna, moja ama mbili, njia tatu. Kachiri nachukua ama sichukui, njia mbili. Vigawanyo ni hivyo hivyo. Kila kigawanyo kimechagua kichukue 2 ngapi kati ya tatu zilizopo, njia 4, 3 ngapi, njia 3, halafu 7, 11, 13, 61 na 97 kila moja ichukuliwe ama iachwe, njia mbili mbili. 4 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 = 384. Vigawanyo 384! Na hatujaandika hata kimoja. Ukitaka kuamini ijaribu kwa namba ndogo, 12 ni 2² × 3, njia 3 × 2 = 6, nazo ni 1, 2, 3, 4, 6, 12.

Jumla ya vigawanyo vyote je? Kwa kila namba tasa jumlisha vipeo vyake kuanzia 1, halafu zidisha hizo jumla. Kwa 2 ni 1+2+4+8 = 15, kwa 3 ni 1+3+9 = 13, zingine unaongeza moja tu: 8, 12, 14, 62, 98. Zidisha zote unapata 1,592,398,080. Ukitoa namba yenyewe inabaki 1,165,948,056, kubwa kuliko namba, zaidi ya mara mbili. Namba ya hivyo mimi naiita tajiri, vigawanyo vyake vinaizidi. Nyingi zinapungukiwa, na chache sana zinalingana sawa sawa kama 6 na 28, 1+2+4+7+14 ni 28. Halafu kuna zinazopendana mbili mbili, vigawanyo vya 220 bila yenyewe vinajumlika 284 na vya 284 vinajumlika 220, na aliyetoa kanuni ya kuzitafuta ni Thabit ibn Qurra, mwanachuoni wa Baghdad karne ya 9. Elimu hii imepita kwa mikono mingi kabla ya kufika kwetu, hata sifuri yetu tunayoiandika na saba na tisa tunazotamka majina yake yametoka Uarabuni.

Ni kipeo cha pili? Angalia vipeo, zile namba ndogo za juu, vyote vinatakiwa viwe shufwa. 3 ana 2, sawa, lakini 2 ana 3 na wengine wana moja moja, kwa hiyo hapana. Ungetaka iwe kipeo cha pili uizidishe kwa ngapi, kwa uchache? Kila mwenye witiri muongezee mmoja: 2 × 7 × 11 × 13 × 61 × 97 = 11,845,834. Maswali ya mtihani yanapenda sana hili.

Inaweza kuwa jumla ya vipeo viwili vya pili, a² + b²? Hapana, na huhitaji kujaribu hata moja. Namba tasa ambayo ukiigawanya kwa 4 inabaki 3, kama 3, 7 na 11, lazima iwe na kipeo cha shufwa. 3 ana 2, amepita. 7 ana 1, amezuia.

Na namba ngapi chini yake hazina undugu nayo, yaani hazishiriki kigawanyo chochote ila 1? Kwa 2³ chukua 8 − 4 = 4, kwa 3² chukua 9 − 3 = 6, zingine toa moja: 6, 10, 12, 60, 96. Zidisha: 99,532,800. Hii usiidharau, hesabu hii ndiyo ilitumiwa na wataalamu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, mwaka 1977 kutengeneza kufuli ambalo mpaka leo linatumika kulinda mambo ya intaneti. Wanachukua namba tasa mbili kubwa mno wanazizidisha, jibu wanaliweka wazi kila mtu alione, na anayetaka kufungua lazima ajue zile mbili. Kuzidisha ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kuzirudisha ndio balaa. Namba ya aina hiyo yenye tarakimu 250 ilivunjwa mwaka 2020 na kompyuta nyingi zikisaidiana, na zinazotumika sana kwa kufuli zina tarakimu 617.

Ukiwa na namba mbili kubwa na unataka tu kujua wanashirikiana nini, usizivunje. Euclid, Mgiriki wa zamani, alishatupa njia rahisi. Chukua 8,051 na 5,917. Toa ndogo kwa kubwa, inabaki 2,134. 5,917 kwa 2,134 inabaki 1,649. 2,134 kwa 1,649 inabaki 485. 1,649 kwa 485 inabaki 194. 485 kwa 194 inabaki 97. 194 kwa 97 inaisha. Jibu ni 97, limetoka lenyewe, hujatafuta namba tasa hata moja. Kwa hiyo 8,051 ni 97 × 83.

Sasa tahadhari za vifaa, na hii naisema kwa uchungu. Tokeni ya stima ina tarakimu 20. Mwaka fulani niliziweka zangu zote kwenye spredishiti ili nipige hesabu ya mwaka, nikaja kufungua nakuta kila namba mwisho ni 00000. Spredishiti inashika tarakimu 15 tu, zilizobaki inazigeuza sifuri bila kukuambia. Kama ni lazima uziweke huko ziweke kama maandishi, sio kama namba. Kalkuleta za shule nyingi nazo zinaonyesha tarakimu kumi, ukiona ile alama ya E ama ×10 ujue ishaanza kukata. Kwa namba kubwa kweli tumia Python, yenyewe inashika tarakimu zote bila kukata, na kwenye Linux kuna amri inaitwa factor, unaiandika na namba mbele inakuvunjia pale pale.

Na ukitaka kujua kwa nini namba ya tokeni huwezi kuivunja kwa kalamu, kipeuo cha namba ya tarakimu 20 kinaweza kukaribia bilioni 10, na namba tasa zilizo chini ya bilioni 10 ni 455,052,511. Ukijaribu moja kila sekunde bila kulala ni zaidi ya miaka 14. Kijana wetu hapa angeanza siku aliyozaliwa hata sasa angekuwa hajamaliza.

Kwa namba kama hizo kuna jaribio la haraka, hilo pia la Fermat. Namba ikiwa tasa na sio 2, ukichukua 2 ukaipa kipeo cha namba hiyo pungufu moja, halafu ukagawanya kwa namba hiyo, baki lazima iwe 1. Kwa 7, 2⁶ ni 64, baki 1. Kwa 9, 2⁸ ni 256, baki 4, kwa hiyo 9 sio tasa na umejua bila kupata kigawanyo chake. Lakini ikitoka 1 usishangilie mapema, 341 inatoa 1 na ni 11 × 31. Ikikataa amini, ikikubali endelea kupima.

Nilipomaliza kumwonyesha haya yote mpwa wangu akauliza, na sekunde iliyofuata je, 426,450,025? Nikamwambia angalia kwanza, hii haiwezi kuwa na 2, wala 3, 7, 11, 13, 61 wala 97, namba mbili zilizofuatana hazishiriki kitu ila 1. Akaona mwisho ni 25, akagawanya kwa 25 akapata 17,058,001. Akakata tatu tatu, 1 − 58 + 17 ni −40, akanionyesha hizo 7 na 11 na 13 kweli hazimo. Tangu siku hiyo iko kwenye daftari lake, amejaribu namba tasa zote 25 za kwenye chekeche mpaka 97, kila moja inaacha baki, ameziandika zote kwa safu pembeni. Kipeuo chake ni 4,130 na kidogo, kwa hiyo ndipo pa kusimama, na jana usiku amenitumia picha ya chekeche jipya analochora kwenye makaratasi manne aliyoyabandika pamoja kwa selotepu.